Raga ya Wachezaji Saba: Kampala Si Mbali na Nyakitonto

Msomaji akitandaza ramani ya Afrika Mashariki mezani, akaweka kidole juu ya Nyakitonto katika nyanda za juu za Kasulu, kisha akapima kwa uzi umbali wa kwenda Dar es Salaam na ule wa kwenda Kampala, atashangaa. Uzi wa Dar es Salaam utapita kilometa 1,000. Ule wa Kampala utaishia kwenye kilometa 600 hivi. Sisi wa Visiwani tuko mbali zaidi, maana baada ya Dar es Salaam bado kuna bahari ya kuvuka.

Hesabu hiyo ya uzi ingekuwa mchezo wa watoto tu lau si jambo moja. Mara mbili katika muda usiotimia miaka mitano, Oktoba 2017 na Aprili 2022, Kampala ndiko mataifa ya Afrika yalikokutana kuchujana katika raga ya wachezaji saba, ili walioshinda waende Kombe la Dunia. Kijana wa Nyakitonto alikuwa karibu zaidi na uwanja huo kuliko alivyo karibu na Uwanja wa Taifa wa nchi yake. Lakini hapakuwa na barabara ya kumfikisha huko, na barabara ninayoisema si ya lami.

Kwa wasioujua mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Raga ya kawaida huchezwa na watu 15 kila upande kwa dakika 80. Hii ya saba huchezwa na watu 7 kila upande, katika uwanja ule ule mpana, kwa dakika 14 tu, yaani dakika 7 kila kipindi. Mpira wa umbo la yai hupasiwa kwa mikono kuelekea nyuma, na mchezaji hukimbia nao mbele mpaka auguse chini nyuma ya mstari wa adui. Hiyo ndiyo trai, nayo ina pointi 5. Kisha hupigwa mkwaju wa kuongezea pointi 2. Watu wachache katika uwanja mkubwa maana yake ni nafasi nyingi, na nafasi nyingi maana yake ni mbio. Mwenye mwili mkubwa asiye na pumzi hana kazi humo.

Asili ya mchezo nayo inafaa kukumbukwa na watu wa nchi zisizo na fedha nyingi. Ulianzishwa mwaka 1883 katika mji mdogo wa Melrose, huko Scotland, na Ned Haig, kijana aliyefanya kazi ya kukata nyama buchani. Klabu yake ilikuwa haina fedha, ikatafuta namna ya kuchangisha. Kuzilisha na kuzisafirisha timu nyingi za watu 15 kungekuwa gharama, basi wakapunguza. Mchezo huo ulizaliwa na ufukara. Miaka 110 baadaye, mwaka 1993, Kombe la Dunia la kwanza la raga ya saba lilichezwa Edinburgh, si mbali na hapo, na kombe lenyewe likapewa jina la Melrose.

Sasa tuje kwenye mchujo wenyewe, maana ndiko kwenye somo. Utaratibu wa Kombe hilo ulikuwa kwamba waliofanya vizuri katika fainali zilizotangulia hawasumbuliwi. Nafasi zilizobaki ziligawiwa mabara, na kila bara lilichuja watu wake. Kenya ilipofika nusu fainali mwaka 2009 huko Dubai, baada ya kuwatoa Fiji waliokuwa mabingwa, ilijipatia nafasi ya Moscow mwaka 2013 bila kupita mlangoni. Huko Moscow ikafika nusu fainali tena, na hivyo ikaingia San Francisco mwaka 2018 kwa njia ile ile. Wakati Kenya imekaa kitini, wengine wa Afrika waligombania viti viwili. Mwaka 2017 vilikwenda kwa Uganda na Zimbabwe.

Mwaka 2018 Kenya haikufika robo fainali. Basi ikalazimika kurudi kwenye mlango wa wote, na Aprili 2022 ilikuwa Kampala pamoja na wengine, jua lile lile na vumbi lile lile. Uganda ikatwaa ubingwa. Uganda, Zimbabwe na Kenya zikapata tiketi za fainali zilizochezwa Cape Town mwezi Septemba mwaka huo. Mchujo haumtazami mtu jina.

Ubishi ni mkubwa zaidi kwa upande wa Olimpiki, ambako raga ya saba iliingia mwaka 2016 kwa timu 12 tu za dunia nzima. Hapo mshindi wa mchujo wa Afrika hupewa tiketi moja ya moja kwa moja, na aliye wa pili huambiwa akajaribu bahati yake kwingine. Novemba 2015 huko Johannesburg, Kenya na Zimbabwe zilikutana katika fainali. Kenya ilishinda 21 kwa 17. Pointi nne, haifiki hata trai moja. Waliokuwa uwanjani siku ile walijua kwamba miaka mingi ya mazoezi, fedha za wafadhili, machozi ya wazazi, yote yamewekwa mezani kwa dakika 14. Mwandishi huyu hajui mchezo mwingine wa timu unaomhukumu mtu kwa haraka namna hiyo. Mwaka 2019, hapo hapo Johannesburg, Kenya iliifunga Uganda 31 kwa 0 na kwenda Tokyo.

Kisha ikaja Harare, Septemba 2023. Kenya ilikuwa imeshushwa miezi michache kabla kutoka katika mashindano makubwa ya dunia yanayozunguka miji mbalimbali kila mwaka. Wengi waliizika. Katika fainali ilikutana na Afrika Kusini, ambao ni miongoni mwa vigogo wa mchezo huu duniani, na ikawafunga 17 kwa 12. Tiketi ya Paris ikaenda Nairobi. Afrika Kusini walilazimika kupitia mlango wa nyuma huko Monaco mwezi Juni 2024, wakafuzu, na Paris wakarudi na medali ya shaba. Msomaji apime mwenyewe: aliyekuwa wa pili katika mchujo wetu wa Afrika alikuwa wa tatu katika Olimpiki. Kiwango hicho kinapatikana bara hili hili. Miongoni mwa timu zilizokwenda Harare, Tanzania haikuwamo.

Haikuwamo, wala haijapata kucheza fainali za Kombe la Dunia la mchezo huu, wala Olimpiki. Na si kwamba mchezo hatukuwa nao. Katika miaka ya 1950 timu ya Afrika Mashariki ilikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na timu mashuhuri ya Lions kutoka Uingereza na Ireland ilicheza nayo Nairobi mwaka 1955 na mwaka 1962. Lakini ulikuwa mchezo wa wakoloni na klabu zao. Baada ya Uhuru, Wakenya na Waganda waliuchukua na kuupeleka shuleni. Kakamega, Namilyango, Mwiri: majina haya ni ya shule, lakini mpenzi wa raga akiyasikia anafikiri uwanja. Kwetu ulibaki Arusha na Dar es Salaam, katika klabu chache zenye watu wenye moyo, wenyeji na wageni. Klabu huweza kulea mchezo, lakini haiwezi kuupeleka Kasulu.

Na hii Kasulu ni nchi ya namna gani? Ni nchi ya vilima na mabonde, yenye mvua, migomba, maharage na mihogo. Watoto hupanda na kushuka kwenda shule, wakirudi hupanda na kushuka tena, mara nyingi na dumu la maji au mzigo wa kuni. Magharibi yake ni mpaka wa Burundi, na Kiha na Kirundi husikilizana bila mkalimani. Wazee wa Unguja na Tanga wanawakumbuka Waha waliokuja pwani zamani za mkonge, watu wasiochoka. Jioni katika viwanja vya huku utawaona vijana pekupeku wakiukimbiza mpira wa mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba. Hakuna anayecheza raga, wala sitaki kumdanganya msomaji kwamba wapo. Ninachosema ni kwamba mbio zipo, pumzi ipo, na nyasi zipo.

Tanzania imepata medali mbili tu za Olimpiki tangu izaliwe, zote za fedha na zote Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika meta 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika meta 5,000. Mmoja alitoka upande wa Karatu, mwingine Majita, Musoma. Hawakuzaliwa karibu na uwanja wowote wa maana. Miaka imepita mingi, na mpaka Paris mwaka 2024 hatujaongeza ya tatu.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani habari hii ni ya bara peke yake. Wanaotisha kuliko wote katika raga ya saba ni watu wa visiwa. Fiji ina visiwa zaidi ya 300 na watu wasiotimia milioni moja. Agosti 2016 huko Rio, Fiji iliifunga Uingereza 43 kwa 7 katika fainali, na hiyo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki ya rangi yoyote katika historia ya nchi hiyo. Serikali yao ilifurahi hata mwaka uliofuata ikatoa noti ya dola 7 kwa heshima ya wale saba. Na mazoezi yao mashuhuri hufanyika wapi? Kwenye vilima vya mchanga vya Sigatoka, karibu na bahari. Mchanga, ndugu msomaji. Kutoka Nungwi mpaka Makunduchi tumelalia mchanga, na maji yakitoka pale Paje kunabaki uwanja ambao hakuna mhandisi aliyeujenga. Bukini nayo, ambayo siku hizi twaiita Madagaska, ni kisiwa cha jirani, na raga huko hujaza viwanja.

Kuna jambo jingine ambalo Mzanzibari hawezi kulipita bila kusimama kidogo. Katika Kombe la Dunia la mchezo huu, England, Scotland na Wales kila moja iliingia kwa jina lake. Katika Olimpiki huungana wakawa Uingereza. Ireland nayo ilichezea kisiwa kizima, ingawa kina serikali mbili. Sisi ambao tulichukua Kombe la Chalenji la CECAFA kwa jina la Zanzibar mwaka 1995, na ambao mwaka 2017 tuliingizwa CAF mwezi Machi na kutolewa Julai, tunaujua uchungu wa mlango unaofunguliwa na kufungwa. Sisemi raga itatufungulia. Nasema tu kwamba mchezo huu umezoea mipango ya namna hiyo, na wanaoshughulika na michezo Unguja na Pemba wangefanya vema kuuliza.

Kwa waheshimiwa maofisa ninalo ombi lisilo kubwa. Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria tangu mwaka 1967, na mashindano ya UMISSETA hufika kila mkoa. Raga ya saba na iwekwe humo kwa majaribio katika mikoa michache, Kigoma ikiwa mmojawapo kwa kuwa iko upande wa Kampala, na Visiwani ifanyike vivyo hivyo kwa utaratibu wa huko. Walimu wachache wa michezo wapelekwe Uganda au Kenya wakajifunze kufundisha na kuamua. Wapewe mipira. Hapahitajiki jukwaa la zege wala taa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mchezo huu huvunja watu, na kwamba zahanati ya kijijini haina plasta. Hoja hii ni ya kweli, nami siipuuzi: kukabana ni sehemu ya raga, na mtoto asiyefundishwa kuanguka ataumia shingo. Ndiyo maana nimesema walimu kwanza, mipira baadaye. Na kwa miaka ya mwanzo watoto wacheze ule wa kugusana bila kukabana, kama wafanyavyo wengi duniani. Nitaambiwa pia kwamba riadha yenyewe inalia njaa. Hili ni zito zaidi, na sina jibu la kulimaliza, isipokuwa kwamba mbio na raga hazinyang'anyani watoto. Collins Injera wa Kenya, mmoja wa wafungaji wakubwa wa trai waliopata kuonekana katika mchezo huu, alikuwa mkimbiaji aliyeshika mpira.

Anayeanza na watoto wa darasa la sita leo hawezi kutazamia timu ya taifa kabla ya miaka kumi. Waganda waliotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2016, 2017 na 2022 hawakuokotwa mwaka ule ule. Wengi walianza wakiwa na sare za shule. Hivyo kila mwaka ambao jalada linakaa mezani likingoja sahihi, kuna darasa zima Nyakitonto linalomaliza shule na kwenda shambani, na darasa jingine Makunduchi linalokwenda baharini, na mchujo mwingine unapangwa bila wao.

Nilipokuwa nikiondoka Nyakitonto niliwachorea vijana mpira wa umbo la yai kwenye vumbi, kwa kijiti. Mmoja aliutazama sana, akauliza: sasa ukidunda, utakwenda wapi? Nikamwambia kwamba hata wanaoucheza hawajui. Akacheka, akauliza tena kama unaweza kushonwa kwa magome ya migomba.