Baridi Haizuii Jua: Tujenge Kivuli Uani

Miezi ya Juni na Julai asubuhi za Mbeya na Iringa huwa na baridi kali. Katika nyumba nyingi watu hutoka uani kuota jua. Bibi huchambua maharage, mama hupukuchua mahindi, watoto hucheza juu ya mkeka. Hakuna anayelalamika joto. Hapo ndipo ngozi huungua bila sisi kujua, hasa ngozi ya mtoto mwenye ualbino.

Joto tunalolisikia na mionzi inayounguza ngozi ni vitu viwili tofauti. Upepo wa baridi hupoza mwili, lakini hauzuii mionzi. Tena sisi tunaishi juu. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa karibu mita 1600. Kila unapopanda mita 1000, nguvu ya mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo jua letu lina ukali kuliko la pwani, ijapokuwa pwani ndiko watu hutoka jasho.

Mtu mwenye ualbino amerithi hali hiyo kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Ngozi yake haina rangi ya kutosha ya kumkinga. Sisi wauguzi huwapokea vijana wenye vidonda usoni, masikioni na shingoni, ambavyo vimekaa miezi mingi vikipakwa dawa hii na ile. Saratani ya ngozi ikiwahiwa, mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo. Ikichelewa, matibabu huwa makubwa, na wengine hulazimika kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya.

Kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua ni vya lazima. Lakini mafuta huisha na kofia husahaulika. Kivuli kikishajengwa humkinga kila aliye chini yake.

NAMNA YA KUKIJENGA

1. Chagua mahali ambapo kazi hufanyika, siyo pembeni kusikofika mtu. Kumbuka kwamba kuanzia Aprili hadi Agosti jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na kivuli huangukia kusini mwa turubai. Novemba hadi Januari hugeuka. Basi turubai liwe pana, litoshe pande zote.

2. Tafuta nguzo nne za mlingoti, zilizonyooka, za urefu wa mita 3 na nusu hivi. Zilizotiwa dawa hudumu zaidi, maana mchwa hawazili upesi. Lakini vipande vyake visichomwe jikoni kamwe. Moshi na majivu yake vina sumu.

3. Chimba mashimo ya kina cha karibu mita moja. Simamisha nguzo ikiwa imeinama kidogo kuelekea nje, kwa sababu turubai litaivuta ndani. Jaza mawe na udongo ukishindilia kila tabaka, au mimina zege na usubiri wiki moja kabla ya kufunga kamba.

4. Turubai liwe zito. Liinue mbele ya jua: ukiona mwanga mwingi ukipenya, halifai. Lifunge kwa kamba imara kwenye kila pembe na ulikaze sana, maana likilegea upepo hulipasua.

5. Upande mmoja uwe chini kidogo kuliko mwingine ili maji ya mvua yateremke. Maji yakituama hulemea nguzo, tena huzalisha mbu. Upande wa chini ukiwa magharibi, utazuia jua la alasiri.

6. Usiwashe moto chini yake. Upepo mkali ukitishia, lifungue.

Hata chini ya kivuli, mionzi huingia kutoka pembeni na hurudishwa na kuta nyeupe na mabati. Kwa hiyo mtoto mwenye ualbino aendelee kuvaa kofia na mikono mirefu, na akae katikati ya kivuli. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri ndio wakati wa kujihadhari zaidi. Anayetaka kuota jua aote mapema.

Turubai huchakaa. Tunashauri kupanda mparachichi kando yake mwaka huo huo. Utachukua miaka kadhaa kukua, lakini utaacha kivuli na chakula.

Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki nne, kipele kigumu chenye magamba, au mahali panapotoka damu mara kwa mara, usingoje. Nenda zahanati au hospitali.

Jambo la mwisho, wazazi wenzetu: mtoto mwenye ualbino asiambiwe akae ndani peke yake wakati wenzake wako uani. Mkeka, maharage, mahindi na mchezo, vyote vihamie kivulini, ili naye awe pamoja na wenzake.