Jiko la makaa si hita, usilale nalo kejani

Ni Julai, na Nairobi ni baridi si mchezo. Umefika nyumbani umelowa manyunyu, tokeni za stima zimeisha, na keja yako ya chumba kimoja ni kama friji. Jiko ulilopikia ugali bado lina makaa mekundu. Unajiambia: moshi umeisha, acha nilifungie ndani lipashe nyumba joto.

Hapo ndipo unapokosea.

Moshi kuisha si ithibati kwamba jiko ni salama. Makaa yasipopata hewa ya kutosha, hayaungui kikamilifu, na hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huioni, huinusi, na haikukohoshi.

Ukiivuta, inaingia damuni na kung'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuishinda oksijeni yenyewe. Ni kama matatu iliyojaa abiria wasiotaka kushuka: inapita steji yako, lakini hupati kiti. Damu inazunguka, ila ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Wengi hudhani ni uchovu tu, wakajilaza. Na ukiwa tayari umelala, huenda usizihisi kabisa. Ndiyo maana kuna watu hulala wakiwa wazima, majirani wakavunja mlango asubuhi.

Na zile mbinu za mtaani? Beseni la maji kando ya jiko halifyonzi gesi hiyo. Maziwa hayaiondoi damuni. Kuacha kidirisha wazi kidogo pia si kinga ya kutegemea.

Pikia nje, au mlango na madirisha yakiwa wazi. Ukimaliza, toa jiko. Unahofia litaibwa? Lizime kwa maji huko nje hadi lipoe kabisa, ndipo ulirudishe. Baridi ipige na blanketi ya pili, soksi na chupa ya maji moto. Jenereta nayo isiwashwe ndani kamwe.

Ukimkuta mwenzako amezidiwa, fungua mlango, mtoe nje kwanza, kisha mkimbize hospitalini apewe oksijeni, hata akisema yuko poa.

Usiku wa leo, kabla hujafunga komeo, jiulize tu: jiko liko wapi?