Je, Wajua? Mto Mkavu Una Maji

Kiangazi kikikaza pande za Matuu, kaunti ya Machakos, mto wa msimu hubaki mchanga mtupu, lakini maji yamo. Mchanga wa chembe kubwa huweza kushika maji hadi thuluthi ya ujazo wake, na yakiwa chini sana jua haliyanyonyi. Watoto wachungaji wa Kikamba hujifunza kwa wakubwa pa kuchimba: upande wa juu wa mwamba uliokatiza mto, au karibu na mkuyu wenye majani mabichi. Maji ya kwanza yana tope. Huchotwa kwa kata ya kibuyu yakamwagwa. Yanayofuata huja yamechujwa. Shimo huzungushiwa miiba, maana punda hana adabu. Mabwawa ya mchanga ya Machakos, yaani kuta zinazokatiza mto ili mchanga ujae nyuma yake, hutumia kanuni iyo hiyo. Ya kunywa, yachemshe.