Kuhama Dar bila kuiacha sanaa

Msanii anayechoshwa na kodi na foleni za Dar es Salaam huwa na hofu moja: huko aendako atapooza. Tukiulizwa, tunaitaja Bagamoyo, kilomita 70 hivi kaskazini.

Ngoma huko haisubiri watu wa Dar. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na leo ndicho TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kwa hiyo mpiga ngoma, mchongaji na mwigizaji utawapata mtaa mmoja, Jumanne ya kawaida tu. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliishi Bagamoyo na kutoka hapo akapeleka zeze na ilimba duniani.

Lakini tusidanganyane, kazi nyingi za kulipwa bado ziko Dar. Onyesho likiisha saa sita usiku, usafiri wa kurudi ni wa kubahatisha. Tafuta kwanza ndugu wa kukulaza mjini, na panga kazi zako zifuatane ndani ya safari moja. Vinginevyo, nafuu ya kodi itaishia kwenye nauli.