Mafaili yakifungwa leo, duka lako litauza kesho?

Ingia steshenari yoyote ya Rwamishenye, Bukoba, au mjini Muleba msimu wa maombi ya ajira na mikopo ya vyuo. Kompyuta ni moja au mbili, foleni imefika barazani. Mwanafunzi anatoa flashi aliyokuja nayo kutoka Kamachumu, mwalimu anatoa yenye mitihani, katibu wa kikundi anataka katiba yao ichapwe haraka. Flashi zote zinapita kwenye kompyuta ileile ambayo jioni mwenye duka huandikia mauzo na madeni. Na flashi yake mwenyewe, ile anayoiita bakapu, imechomekwa pembeni mchana kutwa.

Hiyo si bakapu. Ransomwea, yaani programu inayoyageuza mafaili yako kuwa fumbo lisilofunguka bila ufunguo kisha ikakudai kikombozi, haibagui diski ya ndani na kitu kilichochomekwa. Inafunga vyote inavyovifikia.

Wengi wanaiona kuwa balaa la Ulaya na Marekani, lakini historia yake imepita karibu na hapa. Ransomwea ya kwanza inayojulikana ilitumwa kwa posta Desemba 1989, ndani ya disketi zipatazo 20,000 zilizodaiwa kuwa na maelezo kuhusu UKIMWI. Baadhi zilipelekwa kwa watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani juu ya ugonjwa huo. Kompyuta ikishawashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa na mwenyewe akatakiwa kutuma dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa, Joseph Popp, alikuwa mwanabiolojia wa Kimarekani aliyewahi kufanya utafiti wa nyani nchini Kenya. Miaka sita kabla ya disketi hizo, mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walikuwa wametambuliwa mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage wilayani Muleba. Hofu ya ugonjwa uliokuwa ukizimaliza familia zetu ndiyo iliyotumiwa kama chambo. Siku hizi chambo ni tangazo la usaili au ankara ya mzigo iliyotumwa kwenye WhatsApp.

“Mimi na kaduka haka, nani atanihangaikia?” Swali hilo utalisikia kila mahali, na jibu lake ni kwamba hakuna anayekuhangaikia. Nyingi ya programu hizi hazichagui mtu. Zinaingia palipo wazi. Iko familia moja ya ransomwea iitwayo STOP, au Djvu, iliyoanza kusambaa 2018. Haina shughuli na mabenki makubwa. Inawapata watu wa kawaida kupitia programu za kukraki, zikiwemo zile ndogo za kuamsha Windows isiyo na leseni. Imekuwa ikidai dola 980, na ukiwahi ndani ya saa 72 unapunguziwa hadi 490. Hata kwa hiyo nusu bei, ni zaidi ya shilingi milioni moja, na hakuna anayekuhakikishia kwamba ukilipa utapewa ufunguo.

Sasa kumbuka fundi wako alivyosema siku alipokuja kukuwekea Windows: “Mama, ngoja nizime antivairasi kwanza, inazuia.” Inazuia kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Akimaliza, anazima na masasisho ili yasile bando. Tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipoingia katika nchi zaidi ya 150 na kukwamisha hospitali za Uingereza, dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi. Waliopigwa ni waliokuwa hawajasasisha. Windows 7 iliachwa Januari 2020 na Windows 10 ikafuata Oktoba 2025, lakini zunguka madukani uone ni ngapi zingali kazini. Na kama bado unadhani biashara za kwetu haziguswi, supamaketi za Naivas nchini Kenya zilitangaza kushambuliwa Aprili 2023.

Utajipimaje? Usianze kwa kuuliza bei ya antivairasi. Chagua jioni moja, zima kompyuta ya duka, kisha mwambie kijana wako: hii imekufa, nipe orodha ya wanaodaiwa, bei za kununulia na mauzo ya wiki hii. Shika saa. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kashai, anayedaiwa mabati na saruji hatakuja kukukumbusha deni lake. Kwenye AMCOS ya kahawa, zikipotea kilo za mkulima mmoja tu, mkutano mkuu utageuka vita. Risiti za EFD zimekwishakwenda TRA, kwa hiyo mamlaka itajua ulichouza hata kama wewe hujui tena.

Binafsi nimeacha kuwacheka wazee wenye daftari la madeni. Kwa mtihani huu wengi wao wanafaulu kuliko watoto wao wenye kompyuta. Kasoro ya daftari ni kwamba liko moja, mahali pamoja. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba na maduka Bukoba, na anayelala nyuma ya duka lake ajue kwamba nakala iliyoko chumbani si nakala iliyoko mbali.

Kuna jambo lingine, sisi tunaolaani umeme ukikatika. Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilifutiwa mitambo yake duniani kote na virusi vya NotPetya. Nakala moja muhimu ya mfumo wake ilisalimika katika ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na mtambo haukuwa mtandaoni. Kwa bahati hiyo wakajijenga upya. Wewe huna haja ya kungoja bahati: nunua eksitenali mbili, zipokezane, na ile isiyo kazini ikae nyumba nyingine, imechomolewa.

Ukishapigwa, chomoa intaneti na umzuie fundi asipige Windows upya. Mafaili yaliyofungwa yahifadhi, maana funguo za bure hupatikana baadaye. Kwa matoleo ya zamani ya STOP zilitolewa 2019, na mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, unazitoa bila malipo. Toa taarifa polisi na kwa TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA. Zahanati na SACCOS, ambazo zinashika siri za watu, zinabanwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: taarifa za watu zikivuja, Tume iliyoundwa na sheria hiyo ijulishwe bila kuchelewa.

Maofisa biashara wa Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Muleba huzunguka kila mwaka kukagua leseni. Ninawaomba waongeze swali moja kwa kila mwenye kompyuta dukani: mara ya mwisho kujaribu kurudisha mafaili kutoka kwenye bakapu ilikuwa lini?