Nasaba Mbele ya Dawati la Serikali (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi wakoloni walivyoifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria ya mwaka 1902 na ile ya 1934, hata mtu wa Garissa au Wajir akawa hawezi kusafiri kwenda bara bila kibali. Leo nataka kulijibu neno linalorudiwa sana Nairobi: kwamba Msomali wa Kaskazini Mashariki huuamini ukoo wake kuliko serikali, na kwamba ndivyo alivyoumbwa. Sikubaliani nalo hata kidogo. Serikali yenyewe ndiyo iliyomfundisha hivyo, na mafunzo yenyewe yamechukua miaka mingi.

Tuanze na ukoo. Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi angali mdogo: jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka afike kwa mzee aliyeuanzisha ukoo. Muulize mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Garissa naye atakutajia majina kumi na zaidi bila kukwama. Majina hayo yana kazi. Kwayo hujulikana nani watachanga ngamia wa diya jamaa yao akiua mtu, nani ana haki ya kunywesha mifugo katika kisima fulani, na nani atampokea mwenzake mifugo ikiteketea kwa ukame. Mahali ambapo mahakama ilikuwa mbali na chifu aliletwa na jeshi, abtirsi ndiyo iliyofanya kazi ya taasisi zote.

Kisha ukaja uhuru. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikaona kwamba Wasomali wengi walitaka kuungana na Somalia. Rai hiyo ikawekwa kando. Tarehe 28 Desemba 1963, Kenya ikiwa na majuma mawili tu ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa na vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Vita vilikwisha, lakini hali ya hatari ilibaki mpaka 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa usalama wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huko wakati wa vita. Hebu fikiria mjane aliyeporwa ngamia wake wote akiambiwa na sheria ya nchi yake kwamba hana wa kumshtaki.

Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa moto baada ya maafisa wa serikali kuuawa. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilieleza mwaka 2013 kwamba huenda waliouawa walikaribia elfu moja. Waliopelekwa Wagalla hawakuchaguliwa kwa kosa la mtu mmoja mmoja. Waliulizwa ukoo.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mwaka 1989 serikali iliamuru kila Msomali wa Kenya mwenye umri wa miaka 18 au zaidi apigwe msasa upya. Mtu aliyekuwa na kitambulisho cha taifa mfukoni alipanga foleni, akasimama mbele ya maafisa na wazee, akaeleza ukoo na nasaba yake ili athibitishwe kuwa Mkenya. Aliyefaulu alipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi. Wakati huo huo mkuu wa majeshi ya Kenya alikuwa Jenerali Mahmoud Mohamed, Msomali, mmoja wa waliolizima jaribio la mapinduzi la 1982. Uaminifu wa jenerali haukuwasaidia jamaa zake kwenye foleni.

Msasa haukuishia hapo. Kwa miaka mingi baadaye kijana wa Garissa aliyeomba kitambulisho alikabiliwa na kamati: babu yako ni nani, kitambulisho chake kiko wapi, mzee gani anakujua? Mwenzake wa Nyeri hakuulizwa hayo. Wako pia waliokwama kwa sababu ya njaa. Ukame ulipobana, familia za Wakenya karibu na Dadaab zilijiandikisha katika kambi za wakimbizi, zilizofunguliwa tangu 1991, ili zipate chakula na matibabu. Watoto wao walipokua na kuomba kitambulisho, alama za vidole zikaonyesha kwamba ni wakimbizi, wakakataliwa.

Serikali iliyofanya nasaba kuwa mtihani wa uraia haina haki ya kushangaa siasa zikienda kwa nasaba. Hata hivyo utiifu kwa ukoo si wa upofu. Mwaka 2017 wazee wa ukoo wa Garre huko Mandera waliwataka viongozi waliokuwa madarakani wasigombee tena. Gavana Ali Roba akakataa, na wapiga kura wakamrudisha. Ugatuzi ulikuwa umewaletea lami ya kwanza mjini; walikuwa wameona kwa macho yao taasisi inayofanya kazi, wakaithamini kuliko neno la wazee.

Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa dhuluma za serikali zilizopita, na Februari 2025 Rais William Ruto akaamuru msasa huo wa vitambulisho ukomeshwe. Ni hatua njema, na nimefurahi kuiona. Lakini agizo la rais mmoja hufutwa na rais mwingine. Wabunge wa Garissa, Wajir na Mandera walipeleke jambo hili bungeni liwe sheria, waidai ripoti ya 2013 ijadiliwe na kutekelezwa, na wasiwasahau vijana ambao alama zao za vidole zingali zimefungwa katika daftari la wakimbizi.