Mbawakawa wa Kale: Ni Jenasi au Spishi Iliyotoweka?

Mwalimu mmoja wa Bokoli, Kaunti ya Bungoma, ameuliza: je, ni sawa kuandika "jenasi ya mende wa kale iliyotoweka" tunaporejelea wadudu waliopatikana katika miamba ya visiwa vya Rusinga na Mfangano?

Tuanze na mende. Huyo ni kombamwiko, yule wa jikoni. Mdudu ambaye mabawa yake ya juu ni magumu kama gamba, yakifunika yale ya kurukia, ni mbawakawa. Hata yule anayechimba chini ya mavi ya ng'ombe malishoni ni mbawakawa, si mende.

Pili, kisukuku. Haya ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa mwambani. Neno hili ni la ngeli ya KI-VI: kisukuku kimepatikana. Mbawakawa naye, hata awe jiwe, hubaki A-WA: mbawakawa huyu aliishi miaka milioni 18 hivi iliyopita, enzi ambayo majivu ya volkano ya Kisingiri yalifunika eneo hilo na kuhifadhi hata wadudu.

Mnamo 1976, mtaalamu Mfaransa Renaud Paulian alieleza spishi tatu za mbawakawa wa mavi kutoka huko: Anachalcos mfwangani, Metacatharsius rusingae na Copris leakeyorum. Hebu tazama miishio. Katika Kilatini, -i, -ae na -orum hufanya kazi ya a-unganifu wetu: wa Mfangano, wa Rusinga, wa akina Leakey. Hiyo -orum ni ya wingi, ndiyo maana nimetumia "akina".

Sasa, hapa ndipo wengi huteleza. Jina la kwanza ni la jenasi. La pili hubainisha spishi. Spishi hizo tatu tunazijua kwa visukuku tu. Jenasi zao, hata hivyo, zingalipo barani Afrika hadi leo. Basi sahihi ni "spishi iliyotoweka ya jenasi Copris", wala si "jenasi iliyotoweka".

Tofauti hii si ya kupuuzwa. Mwanafunzi akiambiwa kwamba jenasi imetoweka, ataamini kuwa ukoo mzima umekwisha, ilhali jamaa zake wangali wanafukia mavi na kurutubisha udongo wetu.